Uislamu ulianza vipi, na Waislamu wanaamini nini hasa?

Ukiuliza Uislamu ulianza lini, utapata majibu mawili. Mwanahistoria atakwambia ulianza mwaka 610 katika mji wa Makka, Bara Arabu, pale Muhammad mwana wa Abdullah alipoanza kupokea wahyi, yaani ufunuo kutoka kwa Mungu. Muislamu atakwambia dini hii ni ya Adamu, ya Nuhu, ya Ibrahimu, ya Musa na ya Isa, na kwamba Muhammad (S.A.W.) hakuja kuianzisha bali kuikamilisha. Anayeanza kujifunza huchanganyikiwa papo hapo, akadhani mmoja kati yao amekosea.

Kila mmoja anajibu swali lake. Wa kwanza anazungumzia historia ya umma fulani, kitabu chao na dola yao. Wa pili anazungumzia ujumbe wenyewe: kwamba Mungu ni mmoja, hana mshirika, na hapana mwingine anayestahili kuabudiwa. Waislamu huuita ujumbe huo tauhidi. Wengi wanaotaka kuijua dini hii huanzia kwenye orodha ya halali na haramu, wakachoka kabla hawajafika popote. Mimi naona njia iliyonyooka ni kuanzia kwenye tauhidi, kwa sababu swala, zaka, hija na hata imani ya Siku ya Mwisho vyote vinachimbukia hapo.

Makka kabla ya wahyi

Watu hudhani Waarabu wa Makka hawakumjua Mungu mpaka Muhammad alipowaambia. Sivyo. Walimjua Allah kwa jina hilohilo. Kurani yenyewe inasema kwamba ukiwauliza washirikina wale ni nani aliyeumba mbingu na ardhi, watajibu kuwa ni Allah. Hawakugombana na Mtume juu ya kuwapo kwa Mungu. Tatizo lilikuwa kwamba walimwekea Mungu washirika na waombezi: Hubal pale Kaaba, al-Lat kule Taif, al-Uzza kule Nakhla, Manat kwenye njia ya kuelekea Yathrib. Mapokeo yanataja masanamu 360 yaliyoizunguka Kaaba, nyumba ambayo Waislamu wanaamini ilijengwa na Ibrahimu na mwanawe Ismaili kwa ajili ya kumwabudu Mungu mmoja tu.

Masanamu hayo yalikuwa na manufaa ya kidunia pia. Makka iko katika bonde kavu lisilolimika. Riziki ya wenyeji wake, kabila la Makuraishi, ilitokana na misafara ya biashara ya kwenda Yemen na Shamu, yaani eneo la Siria na jirani zake, na heshima waliyopewa kama walinzi wa Kaaba. Makabila yalikuja kuhiji katika miezi mitakatifu ambamo vita vilikatazwa, na wageni wanapokuja, masoko huchangamka. Mtu akisimama katika mji huo akasema masanamu hayadhuru wala hayanufaishi, anakuwa amegusa ibada, nasaba na mfuko kwa pamoja.

Waarabu hao walikuwa na murua wao: ukarimu, ushujaa, kutimiza ahadi. Ila kinga ya mtu ilikuwa ukoo wake. Yatima, mjane, mtumwa na mgeni walikuwa hatarini, na wapo waliofukia watoto wa kike wangali hai. Muhammad alizaliwa humo takriban mwaka 570, baba yake akiwa ameshafariki. Alipokuwa na miaka 6 mama yake, Amina, naye akafariki. Babu yake Abdul Muttalib akamlea kwa miaka 2 tu kabla ya kuaga dunia, kisha akachukuliwa na ami yake, Abu Talib. Alichunga wanyama, akafanya biashara, na watu wakamwita al-Amin, yaani mwaminifu. Akiwa na miaka 25 alimwoa Khadija, mjane mfanyabiashara ambaye alikuwa amempa mali yake aende kumuuzia Shamu.

Kilichotokea Hira

Kwenye mlima mmoja nje ya Makka kuna pango dogo liitwalo Hira. Muhammad alikuwa na desturi ya kujitenga humo siku kadhaa akitafakari. Mwezi wa Ramadhani mwaka 610, akiwa na umri wa miaka 40, alijiwa na Malaika Jibrili, akamwambia, "Soma." Akajibu kwamba yeye si msomaji. Malaika akambana kwa nguvu, akamwachia, akarudia tena na tena, kisha akamsomea aya ambazo leo ziko mwanzoni mwa sura ya 96: soma kwa jina la Mola wako aliyeumba, aliyemuumba mwanadamu kwa pande la damu, aliyefundisha kwa kalamu, akamfundisha mwanadamu asiyoyajua.

Wengi hukikatiza kisa hapo. Mimi hupenda kukifuata hadi nyumbani. Muhammad alishuka mlimani akitetemeka, akamwambia mkewe, "Nifunikeni, nifunikeni." Hofu ilipompungua alimweleza Khadija yaliyomkuta na akasema anaihofia nafsi yake. Khadija akamwambia Mungu hatamfedhehesha kamwe, kwa kuwa anaunga udugu, anambebea mnyonge mzigo wake, anamkirimu mgeni na kumsaidia aliyepatwa na msiba. Khadija hakuhitaji muujiza. Alimjua mume wake kwa miaka 15, na tabia yake ndiyo iliyokuwa ushahidi aliouona unatosha. Kisha akampeleka kwa binamu yake Waraqa bin Nawfal, mzee Mkristo aliyekwisha pofuka macho, ambaye alisema aliyemjia ni yuleyule aliyemjia Musa, na kwamba watu wake watamfukuza.

Khadija ndiye wa kwanza kuamini. Wakafuata Ali, kijana mdogo aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, Zaydi bin Haritha, na Abu Bakr, rafiki wa Mtume. Kwa takriban miaka 3 ujumbe ulikwenda kwa siri.

Ulipotangazwa hadharani, upinzani ulikuja na hoja mbili. Ya kwanza ni ile ya miungu ya mababu. Ya pili ni Kiyama: Makuraishi walicheka waliposikia kwamba mtu akishaoza atafufuliwa na kuulizwa. Nani ataihuisha mifupa iliyokwisha sagika? Kurani ikajibu: ataihuisha aliyeiumba mara ya kwanza. Sura za mwanzo mwanzo zinaunganisha hoja hizo mbili na maisha ya sokoni na mtaani. Suratul Maun inauliza kama umemwona anayekadhibisha malipo ya Siku ya Mwisho, halafu inamwelezea: ndiye anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulisha maskini. Nyingine inaanza kwa kuwaapiza wanaopunja vipimo. Kukana hesabu ya Mungu na kumdhulumu mnyonge vimewekwa katika pumzi moja, na wakubwa wa Makka walielewa wanaosemwa ni akina nani.

Wasiokuwa na ukoo wa kuwatetea ndio walioumia zaidi. Sumayya, aliyekuwa mtumwa, aliuawa kwa imani yake. Bilal, mtumwa mwenye asili ya Uhabeshi, alilazwa juani na jiwe zito likawekwa kifuani mwake ili aikane dini yake, naye akawa anasema, "Ahad, Ahad," Mmoja, Mmoja. Neno alilolishika Bilal ndilo lililokuwa linabishaniwa. Abu Bakr alimnunua akamwacha huru. Kundi la Waislamu lilikimbilia Uhabeshi mnamo 615 chini ya hifadhi ya mfalme Mkristo, Najashi, ambaye alikataa kuwarudisha baada ya Jafari bin Abi Talib kumsomea aya za Suratu Maryam.

Mwaka 619 Khadija na Abu Talib walifariki, na Mtume akabaki bila ngao. Mwaka 622 alihamia Yathrib, mji ambao baadaye uliitwa Madina, kwa mwaliko wa watu wa makabila mawili yaliyochoshwa na vita vyao wenyewe. Uhamaji huo ndio hijra. Umar, khalifa wa pili, yaani kiongozi wa pili wa umma baada ya Mtume, alipotaka kuweka kalenda, mwaka wa 1 haukuwekwa wa kuzaliwa kwa Mtume wala wa wahyi wa kwanza, bali wa hijra, mwaka ambao waumini waliotawanyika waliweza kuishi kama umma.

Miaka 10 ya Madina ilikuwa ya kujenga msikiti, kuandika mapatano na makabila ya mji huo, yakiwemo ya Kiyahudi, kutunga sheria, na pia vita na Makuraishi: Badr mwaka 624, Uhud 625, Khandaq 627. Ulikuja mkataba wa Hudaybiya na Makuraishi mwaka 628, na mwaka 630 Makka ikaingiwa karibu bila damu kumwagika. Mtume akawasamehe wengi wa waliomfukuza, na masanamu ya Kaaba yakavunjwa. Alifariki Madina mwaka 632, miezi michache baada ya hija yake ya kuaga.

Hadithi inayotoa ramani

Mafundisho ya Uislamu ni mengi, na asiye na mwongozo hupotea humo. Bahati nzuri ipo hadithi moja, yaani simulizi ya maneno na matendo ya Mtume, iliyosimuliwa na Umar, ambayo wanazuoni huitumia kama muhtasari wa dini nzima. Siku moja masahaba, yaani wafuasi walioishi na Mtume, wakiwa wameketi naye, alitokea mtu mwenye nguo nyeupe mno na nywele nyeusi mno. Hakuwa na dalili ya safari, na wala hapakuwa na aliyemjua. Akakaa mbele ya Mtume, magoti kwa magoti, akaanza kuuliza: Uislamu ni nini? Imani ni nini? Ihsani ni nini? Kila akijibiwa alisema, "Umesema kweli," na waliokuwapo wakashangaa: anauliza, kisha anathibitisha! Alipokwisha ondoka, Mtume akawaambia kuwa huyo alikuwa Jibrili, aliyekuja kuwafundisha dini yao.

Jibu la Uislamu lilikuwa matendo matano: shahada, swala, zaka, kufunga Ramadhani na kuhiji kwa mwenye uwezo. Jibu la imani lilikuwa mambo sita: kumwamini Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, Siku ya Mwisho, na kadari, yaani mipango ya Mungu, kheri yake na shari yake. Ihsani ni kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona, kwani ikiwa wewe humwoni, Yeye anakuona. Kwa hiyo kuna yanayofanywa na viungo, yanayoshikwa na moyo, na hali ya ndani inayoyapa yote uhai.

Mambo sita ya imani

Kuhusu Mungu, Suratul Ikhlas yenye aya 4 tu inatosha kuanzia. Mwenyezi Mungu ni Mmoja, ndiye anayetegemewa na vyote, hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hana anayefanana naye. Aya hizo zinawajibu waliosema Mungu ana mabinti, kama washirikina walivyowaona al-Lat, al-Uzza na Manat, na zinawajibu wanaosema ana mwana. Kumshirikisha Mungu ni shirki, dhambi kubwa kuliko zote katika Uislamu. Lakini Mungu huyu si wa kutisha tu. Kurani inasema yuko karibu na mwanadamu kuliko mshipa wa shingo yake, na sura zake zote isipokuwa moja zinaanza kwa kumtaja kama Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Kwa kuwa yuko karibu hivyo, anaombwa moja kwa moja, na toba haihitaji padri wa kuisikiliza.

Malaika ni viumbe watiifu, na Jibrili ndiye mleta wahyi. Vitabu vinavyotajwa ni pamoja na Taurati ya Musa, Zaburi ya Daudi, Injili ya Isa na Kurani. Waislamu wanaamini vya awali vilitoka kwa Mungu lakini havikubaki kama vilivyoshuka.

Mitume ndipo panapohitaji utulivu, hasa kwa msomaji aliyelelewa katika Ukristo. Kurani inataja kwa majina mitume na manabii 25. Isa ni mmoja wa wakubwa wao: amezaliwa na Maryam akiwa bikira, ameitwa Masihi, ameponya wagonjwa kwa idhini ya Mungu, na atarudi kabla ya Kiyama. Maryam ana sura nzima yenye jina lake. Ila Isa si Mungu wala si mwana wa Mungu, na Kurani inakanusha kwamba alisulubiwa. Anayedhani Waislamu humdharau Yesu amekosea, na anayedhani tofauti kati ya dini hizi mbili juu yake ni ndogo amekosea pia. Muhammad naye, mtume wa mwisho, ni binadamu. Haabudiwi.

Siku ya Mwisho nimeigusa tayari: kufufuliwa, hesabu, mizani, Pepo na Moto.

Kadari inawasumbua hata waliozaliwa ndani ya Uislamu. Ikiwa Mungu amekwisha kujua na kupanga kila kitu, mimi nahukumiwa kwa lipi? Wanazuoni wameandika majuzuu, na katika karne za mwanzo yalikuwapo makundi mawili ya kupindukia: moja likisema mwanadamu hana hiari kabisa, jingine likisema Mungu hahusiki na matendo yake. Walio wengi walikataa yote mawili. Tukio moja linaeleza msimamo wao vizuri kuliko nadharia. Umar alikuwa safarini kwenda Shamu akapata habari kuwa kuna tauni huko. Akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wake, akamuuliza, "Unaikimbia kadari ya Mungu?" Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha akamtolea mfano: ukiwa na ngamia mbele ya bonde lenye pande mbili, moja lenye majani na moja kame, utakakolisha kokote ni kwa kadari ya Mungu. Kwa maneno mengine, kuamini kadari hakumwondolei mtu wajibu wa kutumia akili na kuchukua tahadhari.

Nguzo tano

Shahada ni kukiri kwamba hapana mungu ila Allah na kwamba Muhammad ni mtume wa Allah. Anayeitamka kwa kuiamini anakuwa Muislamu.

Swala za faradhi ni tano: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Mtu hutawadha, akaelekea Kaaba, akasimama, akarukuu, akasujudu paji la uso likigusa chini. Mzunguko mmoja wa vitendo hivyo huitwa rakaa. Jumla ni rakaa 17 kwa siku, na katika kila rakaa husomwa Suratul Fatiha, yenye aya isemayo: Wewe tu tunakuabudu, na Wewe tu tunakuomba msaada. Kwa kila siku inayopita, ile hoja iliyowagombanisha Makuraishi na Mtume inarudiwa mara 17, tena na mwili ulioinama.

Zaka ya fedha na mali ya biashara ni asilimia 2.5 ya kile kilichofikia kiwango maalumu na kukaa mwaka mzima wa mwandamo. Kurani imetaja makundi 8 ya wanaostahili, wakiwemo mafukara, wenye madeni na msafiri aliyekwama. Ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya tajiri, na anayeitoa hana cha kumsimanga mtu.

Kufunga ni kujizuia kula, kunywa na kujamiiana tangu alfajiri hadi jua kuzama, mwezi mzima wa Ramadhani. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kulipa baadaye. Mwaka wa mwandamo una siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka na kupita misimu yote.

Hija ni mara moja maishani kwa mwenye uwezo, katika mwezi wa Dhulhija. Mahujaji huizunguka Kaaba mara 7, husimama katika uwanda wa Arafa, na hutembea mara 7 kati ya vilima vya Safa na Marwa. Matembezi hayo yanafuata nyayo za Hajara, aliyekuwa akihangaika kumtafutia maji mwanawe mchanga Ismaili katika bonde tupu. Kwamba mamilioni ya watu, wafalme miongoni mwao, hufuata nyayo za mama aliyekuwa peke yake na mwanawe jangwani, ni jambo ambalo kwangu halizoeleki.

Kurani, hadithi, na mgawanyiko

Anayeanza huchanganya Kurani na hadithi. Kurani, kwa Waislamu, ni maneno ya Mungu mwenyewe, yaliyoshuka kwa takriban miaka 23. Ina sura 114, na hazikupangwa kwa mfuatano wa kushuka. Kwa jumla ndefu ziko mbele na fupi nyuma. Anayeifungua ukurasa wa kwanza hukutana mapema na Suratul Baqara yenye aya 286 na sheria nyingi za Madina, akapotea. Ningemshauri aanzie sura fupi za mwishoni, nyingi zikiwa za Makka. Hadithi ni maneno na matendo ya Mtume yaliyosimuliwa na watu, na wanazuoni kama Bukhari, aliyefariki mwaka 870, walizichuja kwa kuchunguza msururu wa wasimulizi mmoja mmoja. Hazina daraja sawa. Nyingine ni sahihi, nyingine dhaifu, na zimo zilizotungwa.

Mtume alipofariki, baadhi ya masahaba hawakuamini. Abu Bakr akasimama akasema kwamba aliyekuwa akimwabudu Muhammad, Muhammad amekufa, na anayemwabudu Mungu, Mungu yu hai na hafi. Lakini nani aongoze umma? Walio wengi walimkubali Abu Bakr, kisha Umar, Uthman na Ali. Wengine waliona haki hiyo ilikuwa ya Ali tangu mwanzo, kwa uteuzi wa Mtume mwenyewe. Kutokana na hapo, na hasa baada ya Husayn, mjukuu wa Mtume, kuuawa Karbala mwaka 680, yakakua makundi ya Sunni, wa upande wa walio wengi, na Shia, wa upande wa Ali. Masunni ni zaidi ya asilimia 80 ya Waislamu, ambao leo ni karibu bilioni 2. Mashia huhesabu misingi ya imani kwa namna yao na kuuweka uimamu, yaani uongozi wa Ali na kizazi chake, miongoni mwake. Waibadhi ni kundi la tatu la zamani, na wengi wao wako Oman. Wote hawa hawakutofautiana juu ya Mungu mmoja, Kurani, Mtume wa mwisho wala Kiyama.

Juu ya hayo kuna tofauti za kifiqhi, yaani za sheria za matendo, na hizi ndizo mgeni huziona kwanza. Katika swala utamwona mmoja amefunga mikono na mwingine ameiachia chini. Katika madhehebu manne ya sheria ya Kisunni, Mahanafi, Mashafii na Mahanbali huifunga. Wamaliki wengi, ambao ndio wa nne, pamoja na Mashia na Waibadhi, huiachia. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuswali, haimtoi yeyote katika dini, na wanazuoni wameijadili kwa zaidi ya miaka 1,000 huku kila upande ukielekea kibla kilekile, yaani upande wa Kaaba.